Kupanga nambari kwa thamani ya nafasi: mfano wa kaunti za Pwani

Kila nikifundisha mada hii hapa Malindi, hakosi mtoto wa kubisha kwamba Kwale ina watu wengi kuliko Mombasa. "Mwalimu, hii yaanza na nane, ile yaanza na moja!" Kusoma hajakosea. Kosa lake ni kushindanisha nane ya laki na moja ya milioni.

Shika penseli na daftari la miraba. Tutatumia idadi ya watu katika kaunti sita za Pwani, sensa ya 2019:

Lamu 143,920
Tana River 315,943
Mombasa 1,208,333
Taita Taveta 340,671
Kilifi 1,453,787
Kwale 866,820

Hatua ya 1. Chora safu saba. Kutoka kulia: mamoja, makumi, mamia, maelfu, makumi ya maelfu, laki, milioni. Vitabu husema "mamia ya maelfu", lakini laki ndiyo wanayoisikia nyumbani.

Hatua ya 2. Jaza nambari ukianzia kulia, mraba mmoja tarakimu moja. Wengi huzianzisha kushoto kama orodha ya majina, na hapo ndipo nane ya Kwale hukaa sambamba na moja ya Mombasa. Ukianzia kulia, mraba wa milioni wa Kwale utabaki mtupu, na ubishi utaisha wenyewe.

Hatua ya 3. Sasa linganisha, safari hii kutoka kushoto. Kwenye milioni wako wawili tu, Kilifi na Mombasa, na kila mmoja ana 1. Wametoka sare, basi sogea kwenye laki: 4 kwa 2. Kilifi ya kwanza, Mombasa ya pili. (Hapa darasa hupiga makofi, maana Malindi iko Kilifi. Akiuliza mtu mbona mji wa Mombasa ni mkubwa, mkumbushe tunahesabu kaunti, si miji.)

Hatua ya 4. Rudia kwa waliobaki. Kwale ina laki 8, ya tatu. Taita Taveta na Tana River zote zina laki 3; sogea mraba mmoja: 4 kwa 1. Taita Taveta iko mbele, na hapo hapo simama. Watoto huendelea hadi mwisho, wakaona 943 imeishinda 671, wakageuza jibu. Waonyeshe kwa nini haiwezekani: tarakimu zote zilizo kulia kwa makumi ya maelfu, hata zikiwa tisa tupu, ni 9,999. Hazifiki hata 10,000 moja, sembuse kuziba pengo la 30,000.

Lamu, yenye laki 1, inafunga orodha.

Sifuri nayo ina vituko vyake. Nikisoma imla "laki moja, elfu moja, mia tano thelathini na tisa", napata 11,539 kwenye madaftari kadhaa. Mraba wa makumi ya maelfu hauna kitu, lakini lazima uandikwe 0: 101,539. Hao ndio watu wa Lamu katika sensa ya 2009.

Zoezi: panga hizi za 2009 kutoka ndogo hadi kubwa, kisha uangalie kama kuna kaunti iliyompita mwenzake kufikia 2019.

Mombasa 939,370
Taita Taveta 284,657
Lamu 101,539
Kilifi 1,109,735
Tana River 240,075
Kwale 649,931