Taa ya UVB na Unga wa Kalsiamu kwa Mjusi Chui wa Kufugwa

Mjusi chui, ambaye wataalamu humwita Eublepharis macularius, asili yake ni nyanda kavu zenye mawe za Afghanistan, Pakistan na kaskazini-magharibi mwa India. Kwa kuwa hutoka mafichoni zaidi jioni na alfajiri, wafugaji waliamini kwa miaka mingi kwamba hahitaji mionzi ya jua na kwamba unga wa vitamini ungemtosha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa mijusi hao wakipata UVB, yaani sehemu isiyoonekana ya mionzi ya jua inayousaidia mwili kutengeneza vitamini D, kwa saa 2 tu kila siku, kiwango cha vitamini D katika damu yao huwa juu kuliko cha wenzao wanaoikosa. Kwa hiyo chagua taa kwanza, kisha unga, kwa sababu kiasi cha unga hutegemea taa uliyofunga.

Taa inayofaa ni ya mrija mwembamba wa aina ya T5 wenye UVB ya asilimia 5 hadi 7, yenye urefu unaokaribia nusu ya tangi, nayo ifungwe upande wenye joto ili upande wa pili ubaki na kivuli. Balbu fupi za kujipinda hazisambazi mionzi vizuri, na binafsi sioni sababu ya kuzinunua. Lengo ni kipimo cha nguvu ya mionzi (UV index) cha kati ya 0.7 na 1 mahali mgongo wa mjusi unapofika anapojianika. Tofauti na mjusi kafiri wa ukutani, huyu hawezi kupanda kioo, basi umbali upimwe kuanzia jiwe la juu kabisa analoweza kulifikia, ukifuata jedwali la mtengenezaji wa taa na kukumbuka kuwa wavu wa mfuniko unaweza kuzuia theluthi ya mionzi au zaidi. Kioo cha kawaida huizuia karibu yote, hivyo kumweka karibu na dirisha hakumpatii chochote isipokuwa hatari ya kuungua kwa joto. Mijusi wa jamii ya albino huumizwa haraka na mwanga. Wapunguzie kipimo hicho na uwaongezee maficho.

Taa iwake saa 12 kwa siku kwa kutumia swichi yenye saa, na mrija ubadilishwe takriban kila baada ya miezi 12 hata kama bado unang'aa, kwa maana UVB hufifia kabla ya mwanga unaoonekana kwa macho. Joto nalo lina kazi yake: ngozi iliyopigwa na mionzi hutengeneza kiini ambacho hugeuka kuwa vitamini D3 kwa msaada wa joto la mwili, kwa hiyo jiwe la kujianikia liwe na nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi, na kifaa cha kupasha joto kiunganishwe na thamostati, yaani kidhibiti cha joto.

Sasa unga. Nyenje, mende na mabuu wana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, ilhali mjusi anahitaji kalsiamu iwe angalau sawa na fosforasi, na bora zaidi iwe mara 2 yake. Walishe wadudu mboga za majani na karoti kwa saa 24 hadi 48 kabla ya kumpa mjusi, kisha watie katika mfuko pamoja na unga kidogo na kuutikisa, hadi waonekane kama kaimati iliyonyunyiziwa sukari laini.

Ikiwa taa ipo, tumia kalsiamu tupu isiyo na D3 wala fosforasi katika milo mingi, na mara moja kila wiki 2 uibadilishe kwa unga wa vitamini mchanganyiko wenye D3 na vitamini A ya aina ya retinoli. Ikiwa taa haipo, itabidi kalsiamu yenye D3 itumike mara kwa mara kwa kufuata maelezo ya kopo, na hapo ndipo uangalifu unapohitajika zaidi: D3 inayotengenezwa na ngozi hudhibitiwa na mwili wenyewe, lakini ile inayomezwa haina kizuizi cha namna hiyo, na ikizidi husababisha kalsiamu kuganda katika figo na mishipa. Vitamini A pia hulimbikizwa mwilini, hivyo usichanganye makopo mawili yenye vitamini zilezile.

Mijusi wanaokua na majike wanaotaga huishiwa kalsiamu upesi kuliko wengine. Taya likilegea, miguu ikipinda, vidole vikitetemeka au tumbo likiburuzwa chini wakati wa kutembea, mifupa imeanza kudhoofika. Macho yakivimba au ngozi ikinasa baada ya kujivua, huenda vitamini A imepungua. Katika hali zote mbili usiongeze unga kwa kukisia, bali mpeleke kwa daktari wa mifugo anayewafahamu reptilia, ukimchukulia pia makopo ya unga unaoutumia na jina la taa, kwani atayahitaji kabla ya kuamua kupiga picha ya eksirei au kuchoma sindano ya kalsiamu.