Kuyapokea na kuyapumzisha majivu ya marehemu: mwongozo kwa familia za Goma

Hapa Goma, mashariki mwa Kongo, tumezoea kuzika, na wengi wetu hatujawahi kuona tanuri la kuchomea maiti. Hata hivyo majivu hutufikia, kwa sababu ndugu zetu wanaishi na kufia Ubelgiji, Ufaransa na kwingineko, na kuurudisha mwili mzima kunahitaji kuutia dawa, kuulaza katika jeneza lenye zinki ndani na kulipia mzigo wa ndege kwa fedha ambazo familia nyingi hazina. Baba yangu mdogo aliyefariki Liège alirudi nyumbani mwaka 2019 akiwa majivu, na sisi tuliompokea hatukujua la kufanya. Ninayoandika hapa ni yale ambayo ningependa tuwe tumeelezwa siku ile.

Kikao cha familia kifanyike kabla ya mwili kuchomwa, hata kama ni kwa simu. Ulizeni kwanza kama marehemu aliacha neno. Nchini Ubelgiji, kwa mfano, mkazi anaweza kuandikisha katika ofisi ya komuni yake, yaani manispaa anakoishi, namna anavyotaka kuzikwa. Kisha wasikilizwe mjane na watoto, na baada yao wazee. Dini nayo ina kauli yake: Waislamu hawachomi maiti, na Kanisa Katoliki, ambalo limeruhusu jambo hili tangu mwaka 1963, lilieleza mwaka 2016 kwamba majivu yahifadhiwe mahali patakatifu, yasimwagwe wala kugawanywa wala kufanywa mapambo. Mwishoni mwa mwaka 2023 lilikubali kwamba sehemu ndogo sana inaweza kuwekwa mahali palipokuwa na maana katika maisha ya marehemu. Ongeeni na padri au mchungaji wenu mapema, si siku ya matanga. Jambo moja la kitabibu lisisahauliwe: kama marehemu aliwekewa kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo, wahudumu waambiwe, kwa kuwa betri yake hulipuka ndani ya moto na ni lazima kitolewe kwanza.

Wazee watauliza kama majivu ni ya mtu wao kweli, na swali hilo linastahili jibu la heshima. Kila mwili huchomwa peke yake. Katika matanuri ya Ubelgiji kijiwe kisichoungua, chenye namba, huingia pamoja na jeneza na kutoka pamoja na mabaki. Moto hufikia nyuzi kati ya 800 na 1000 za Selsiasi kwa muda wa saa moja na nusu hadi mbili, kisha mifupa iliyobaki husagwa kwa mashine. Kinachokuja kwa mtu mzima ni kilo mbili hadi tatu hivi. Si laini kama majivu ya makala tunayoyatoa katika mbabula, jiko letu la makaa. Ni chembe za mfupa, nyeupe zenye ukijivu, zinazokwaruza kidole kama mchanga mnene.

Anayesafiri nayo ayabebe mkononi ndani ya ndege, pamoja na cheti cha kifo, cheti cha tanuri na kibali cha kuyatoa nchini. Anayetoka Ufaransa huomba kibali hicho kwa prefe, mwakilishi wa serikali katika mkoa. Waulizeni pia ubalozi wetu na shirika la ndege kabla ya kukata tiketi. Chombo kiwe cha mbao, karatasi ngumu au plastiki, kwa sababu mashine ya ukaguzi haioni ndani ya chuma wala jiwe, na hakuna mfiwa anayepaswa kulazimika kukifungua mbele ya askari. Ikiwa mnapitia Kigali, nakala za karatasi zote ziwe tayari kwa ajili ya mpakani.

Siku ambayo chombo kilifika kwetu, shangazi alikitazama mezani kisha akaniuliza, "Mwanangu, sasa tutamlilia nani?" Hapo nilielewa kwamba majivu yanahitaji matanga kamili kama mwili. Kitandikiwe kitenge, picha yake iwekwe nyuma, watu wakae naye usiku, nyimbo ziimbwe, na kila anayefika apewe nafasi ya kukigusa. Kisifunguliwe mbele ya watu.

Kosa letu kubwa lilikuwa kuahirisha. Watoto walitaka yamwagwe ziwani, wazee walitaka kaburi, na chombo kikakaa juu ya kabati zaidi ya mwaka. Kisha, tarehe 27 Mei 2021, siku chache baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka, tuliamriwa kuhama mji. Nilitembea kuelekea Sake nikiwa nimemfunga baba mdogo kifuani kwa kitenge kama mtoto mchanga, na njia nzima nilimwomba msamaha. Kwa hiyo nasema bila kusita: wekeni tarehe ya mazishi kabla majivu hayajafika, na msiyaache nyumbani wala kuyazika katika kiwanja ambacho kesho kinaweza kuuzwa.

Kuyamwaga Ziwa Kivu kunawezekana kwa wasiozuiwa na imani yao, ila iwe mbali na ufuko ambako watu huchota maji, na mkumbuke kwamba hamtakuwa na mahali pa kurudi. Wanaotaka kupanda mti wayachanganye na udongo mwingi na samadi, kwa kuwa majivu yenyewe yana chumvi na ukali unaoua mizizi. Kuna pia wanaotia kiasi kidogo katika kidani cha kioo.

Sisi tulichagua makaburi, katika kaburi la mama yake, kwa ruhusa ya wasimamizi. Ardhi yetu ni lava, na kuchimba kaburi zima ni kazi ya siku nzima ya nyundo na mtaimbo, lakini kwa chombo kidogo shimo la nusu mita linatosha na vijana wawili hulimaliza asubuhi. Ombeni karatasi yenye namba ya kaburi, na nakala zake zikae kwa ndugu wawili wanaoishi nyumba tofauti. Jiwe jeusi la volkano linafaa sana kwa kingo, na chukudu moja, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, huleta ya kutosha, lakini usichonge jina juu yake, kwa sababu lina vitundu na herufi hupotea. Fundi apachike kibao cha marumaru kwa saruji, kikiwa na jina lote, mwaka wa kuzaliwa na wa kufa, na mji aliofia, ili wajukuu wajue alitoka mbali kiasi gani kurudi kwao.