Kuchukua chapa ya sikio, nilivyojifunza kwa kukosea

Kifaa cha kusaidia kusikia kinachochongwa kwa umbo la sikio la mtu mmoja huanzia kwenye kipande cha silikoni unachoweza kukificha ndani ya ngumi. Hiyo ndiyo chapa: silikoni laini iliyojazwa sikioni ikaganda kwa umbo lake. Watu wa maabara hawamjui mvaaji wala hawajaliona sikio lake, wanaijua chapa tu. Ikifika kwao ikiwa fupi, na kifaa kitatoka kifupi. Ikiwa na pengo ubavuni, sauti itavuja kupitia pengo hilo, maikrofoni itainasa tena, na kifaa kitapiga mluzi mvaaji akila, akicheka au akimkumbatia mtu.

Kazi hii naifanya mwaka wa 14 sasa. Sikio langu la kushoto lenyewe linavaa kifaa, kwa hiyo kiti cha mgonjwa nakijua vizuri. Haya nayaandika kwa ajili yako unayeanza, ukiwa na msimamizi pembeni. Kama wewe ni mvaaji, soma ujue unachofanyiwa, lakini usithubutu kujimiminia kitu chochote sikioni ukiwa nyumbani.

Anza kwa kutazama. Ukishika otoskopu, yaani kifaa chenye taa cha kutazamia ndani ya sikio, kidole chako kidogo kiegemee shavu la mgonjwa, ili akigeuka ghafla mkono uende na kichwa chake badala ya kumchoma. Mtu mzima mvutie sikio juu na nyuma. Mtoto mdogo, chini na nyuma. Mfereji wa sikio la mtu mzima una urefu wa milimita 25 hivi, na haukunyooka kama bomba, umepinda kama herufi S. Sehemu ya nje, kama theluthi moja, ni gegedu lenye ngozi nene na vinyweleo. Kutoka hapo kwenda ndani ni mfupa uliofunikwa na ngozi nyembamba mno; ukiugusa tu, mtu anaruka. Tafuta kona ya kwanza, kisha kona ya pili. Usiendelee mpaka umeziona zote mbili na umekiona kiwambo chote, ile ngozi nyembamba ya mwisho wa mfereji inayopokea sauti.

Nta ikiwa nyingi, itolewe kwanza, na mgonjwa arudi siku nyingine kama ngozi imechubuka. Usaha, wekundu, maumivu, kiwambo kilichotoboka, kijimrija cha kupitisha hewa kilichowekwa kwenye kiwambo, kinundu cha mfupa kinachobana njia: hapo weka vifaa chini umpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo. Muulize kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, maana mchubuko ambao kwa mwingine ni alama tu, kwake unaweza kuwa damu isiyokatika upesi. Na muulize kuhusu upasuaji.

Swali hilo la upasuaji liulize kwa mikono pia. Mzee mmoja aliniambia hajawahi kupasuliwa, akanihakikishia mara mbili. Nilipokuwa nalivuta sikio lake nikapapasa mstari mrefu nyuma yake, umekakamaa. "Mzee, na hili kovu?" "Aa, hilo! Hapo walinikata jipu nikiwa mtoto." Kwake yeye huo haukuwa upasuaji, lilikuwa jipu. Ndani palikuwa na pango lililochimbwa kwenye mfupa, pana kuliko mlango wake. Silikoni ikimiminika kwenye pango la namna hiyo na kuganda, haitoki kwa kuvuta. Itamlazimu mtu kuingia chumba cha upasuaji. Tangu siku ile, kila sikio napitisha kidole nyuma yake kabla sijauliza neno.

Ukiwa bado na otoskopu mkononi, mwambie afungue mdomo taratibu, kisha aufunge. Utauona ukuta wa mbele wa mfereji ukisogea, kwa sababu kichwa cha mfupa wa taya kimekaa mbele yake pale pale. Kwa wengine unasogea kidogo sana. Kwa wengine tundu linapanuka kiasi kwamba chapa iliyochukuliwa mdomo umefungwa italegea kila wanapotafuna. Hawa nawapa kizuio cha kung'ata katikati ya meno, wakae mdomo wazi mpaka silikoni igande. Wapo wanaomfanyia hivyo kila mgonjwa. Mimi huamua kwa nilichokiona, na kwenye fomu naandika mdomo ulikuwaje.

Sasa kizibo. Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na hapa ndipo wanaoanza hupapitia haraka kwa sababu silikoni inawavutia zaidi. Kizibo ni kijipande cha sponji au pamba iliyofungwa uzi imara. Kinakaa mbele ya kiwambo kuizuia silikoni isikifikie, na kinaamua chapa itaishia wapi. Chagua kinachojaza mfereji pande zote bila kusokomezwa. Kikiwa kidogo, silikoni inapenya pembeni yake na kwenda usikotaka. Kikiwa kikubwa, hakifiki mahali pake, na kikifika kinaumiza. Kabla ya kukitumia uvute uzi kwa nguvu kidogo ukiwa umekishika. Ule usioaminika ukatikie mkononi mwako, si sikioni mwa mtu.

Kisukume kwa kijiti chenye taa, mkono ukiwa umeegemea shavu kama mwanzo. Nenda kwa vijihatua: sukuma, acha, tazama, sukuma tena. Mgonjwa akikohoa, usishangae. Ngozi ya mfereji inafikiwa na tawi la mshipa wa fahamu unaohusika pia na koo, na wapo wanaokohoa kila ukiwagusa hapo. Simama, mpe nafasi apumue. Akisema anaona kizunguzungu au akianza kutoka jasho, acha kabisa, maana wengine huzimia. Ndiyo sababu simchukui mtu chapa akiwa kwenye kiti kisicho na mgongo.

Kizibo kinatakiwa kipite kona ya pili kidogo. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa naogopa pale pa mfupa, nikawa nakiacha nje ya kona. Chapa zilitoka safi, zinang'aa, za kupendeza kwa macho. Mama mmoja akarudi baada ya wiki chache, kifaa kakifunga kwenye leso. Akaketi, akakivaa, akaniambia, "Mwanangu, sikiliza." Akafungua mdomo, kikapiga mluzi. Akaufunga, kikanyamaza. Akafanya hivyo mara tatu bila kusema neno jingine. Chapa yangu iliishia kabla ya kona ya pili, maabara hawakuwa na namna ya kujua mfereji unaelekea wapi baada ya hapo, kwa hiyo kifaa kikawa kinasukumwa nje kila taya likisogea. Nilimchukua nyingine siku hiyo hiyo, mkono ukitetemeka, lakini kizibo safari hii kilikaa panapostahili.

Kikishakaa, rudisha otoskopu utazame ukingo wake mzunguko mzima. Ukiona hata mwezi mwembamba wa giza upande mmoja, kitoe uweke kikubwa zaidi. Uzi uulaze chini ya mfereji, utokee nje kwenye ndewe.

Silikoni huja na sehemu mbili za rangi tofauti. Zichote sawa kwa sawa, ukande kwa ncha za vidole mpaka mistari ya rangi ipotee yote, kama nusu dakika hivi. Mstari ukibaki, hapo patabaki laini hata ukisubiri mpaka kesho. Usivae glavu za lateksi: salfa iliyomo inaizuia silikoni ya aina hii isigande. Niliwahi kukaa na mgonjwa dakika 15 nikimwambia "bado kidogo, bado kidogo", kumbe kosa nilikuwa nimelivaa mikononi. Tumia za nitrili, na uondoe mafuta ya kujipaka kabla ya kuzivaa. Chumba kikiwa na joto inaganda mapema, kwa hiyo usianze kukanda kama bomba la kusukumia haliko karibu. Kama unatumia bunduki ya kusukumia silikoni inayochanganya yenyewe, tone la kwanza litupe.

Kabla hujajaza, mwambie kitakachotokea. Nikiwa kwenye kiti kile mara ya kwanza, hakuna aliyeniambia kitu. Ubaridi ukaingia, dunia ikazimika upande mmoja, na sauti yangu mwenyewe ikaanza kuvuma kama naongea ndani ya pipa. Nilidhani wameniharibia kilichobaki. Mimi sasa nasema hivi: "Mama, utasikia baridi, kisha sikio litaziba kama ukiwa ndani ya maji. Ni kwa dakika chache. Ukiumia, inua mkono, usitikise kichwa." Na kama anavaa kifaa sikio la pili, mwachie huku unamweleza. Ni ajabu ni wangapi wanamvua mtu vifaa vyote viwili halafu ndipo wanampa maelekezo.

Ingiza ncha ya bomba mpaka karibu na kizibo bila kukigusa. Sukuma polepole, uiache silikoni yenyewe ikirudishe mkono wako nje. Ncha isitoke ndani ya silikoni hata mara moja. Ikitoka na kurudi, hewa inanaswa, na chapa itakuwa na tobo au mkunjo. Ukifika nje jaza bakuli la sikio, lile shimo la nje linalozunguka mlango wa tundu, panda mpaka ule mkunjo wa juu, zunguka, kisha shuka mpaka nyuma ya kijinyama kinachofunika mlango wa tundu. Ule mkunjo wa juu watu huusahau, na ndio unaokishika kifaa kikubwa kisidondoke. Ukimaliza, usibonyeze. Najua kiganja kinawasha kutaka kuisawazisha, lakini ukibonyeza unalitanua sikio, na kifaa kitachongwa kwa sikio lililotanuliwa.

Subiri muda ulioandikwa kwenye kopo. Nyingi huchukua kati ya dakika 3 na 7. Kisha bonyeza kwa kucha sehemu ya nje. Alama ikifutika yenyewe, imeiva. Ikibaki, subiri. Muda huo usimchekeshe mgonjwa.

Kuitoa kunahitaji subira kuliko kuijaza. Chapa imeziba mfereji kabisa, ukiivuta kwa pupa unavuta hewa na kiwambo pamoja nayo. Kwanza livute sikio juu na nyuma, kisha chini, na umwambie afungue na kufunga mdomo mara kadhaa. Utaona hewa ikiingia ukingoni, wengi wanakuambia wenyewe, "Imeachia." Chomoa kwanza sehemu ya mkunjo wa juu, kisha izungushe chapa kuelekea mbele na kuitoa taratibu ikifuata mipindo ya mfereji, huku umeushika uzi pamoja nayo. Uzi peke yake usiuvute. Ikikataa, acha, livute tena sikio, ngoja hewa. Na ikikataa kabisa, usipambane nayo. Huyo ni wa daktari.

Kabla hujaishangilia chapa, rudi sikioni na otoskopu. Hakikisha hakuna kipande kilichobaki, hakuna damu, kiwambo kiko kama ulivyokiacha. Wekundu mdogo ni wa kawaida na huisha. Uandike ulichokiona, kabla na baada.

Ndipo uigeuze chapa chini ya taa. Kona mbili zionekane, na kipande kidogo baada ya kona ya pili. Mwisho wake uwe na alama ya kizibo mviringo mzima. Kama upande mmoja umechongoka kama ulimi, silikoni ilipita. Vitobo vidogo kwenye bakuli la nje, maabara wanaweza kuviziba. Pengo ndani ya mfereji, au mstari wa mkunjo unaozunguka, halina dawa: rudia. Mgonjwa hatafurahi. Ila usirudie papo hapo kama sikio limekuwa jekundu, mpe siku kadhaa.

Watoto ni habari nyingine. Anakaa mapajani kwa mzazi, ubavu wake kifuani kwa mzazi, mkono mmoja wa mzazi ukishika kichwa na mwingine mikono. Mwonyeshe silikoni, mpe kipande kidogo akikande mwenyewe. Na mweleze mzazi mapema kwamba sikio linakua, hivyo chapa hii si ya mwisho.

Kwenye kufunga mzigo sina mengi. Usipunguze chapa kwa mkasi hata kama imezidi nje, na usiifunike kwa pamba inayoikandamiza. Ibandike kwenye kitako cha kisanduku, upande wa nje chini, mfereji ukitazama juu. Andika kulia au kushoto kwenye kisanduku na kwenye fomu, kwa maneno, hata kama umetumia rangi: nyekundu ni kulia, bluu ni kushoto. Kizibo na uzi viache vimeshikamana na chapa kama vilivyotoka. Fundi wa maabara ataviangalia kwanza kuliko kitu kingine, ajue uliishia wapi.