Pima hadi mdomoni mwa mbuzi, usiishie kwenye kamba

Bustani za kiangazi zikishika tu, kesi ni zile zile. Mbuzi kaingia kwa jirani, kabichi zimeliwa, na mwenye mbuzi anaapa kuwa alimfunga. Mara nyingi anasema kweli, alimfunga. Alichokosea ni kipimo. Ana kamba ya mita 3, anapigilia kigingi mita 3 kutoka mpakani, kisha anaenda zake akiamini kazi imekwisha. Mbuzi huyo atamaliza mstari wa kwanza wa jirani kabla ya saa 6 mchana, kamba ikiwa nzima na kigingi kikiwa palepale.

Kamba inaishia shingoni, lakini mbuzi hali kwa shingo. Mbuzi mkubwa akijinyoosha, kutoka kwenye ukanda wa shingoni hadi midomoni anaongeza karibu nusu mita. Kamba ya nailoni ikivutwa kutwa nzima inarefuka. Kigingi kikilegea kinainamia upande anaovuta. Na mimea ya jirani nayo haijui mpaka: maharage yanatambaa, majani ya maboga yanalalia upande wako. Jumlisha hayo yote, ile mita 3 yako ni mita 4.

Kwa hiyo, kutoka kwenye kigingi hadi mmea wa kwanza wa jirani pawe na urefu wa kamba pamoja na mita 1.5. Kamba ya mita 3, kigingi kikae mita 4.5. Huna futi kamba? Hatua ya mtu mzima ni kama sentimita 75, basi hesabu hatua 6. Anza kuhesabu kwenye mmea wa jirani, si kwenye jiwe la mpaka. Na kamba ipimwe ikiwa imeshafungwa pande zote mbili, maana mafundo nayo yanakula urefu. Anayepima kabla ya kufunga halafu akabadilisha mafundo hajui kamba yake ina urefu gani.

Kabla hujaondoka, hakiki. Shika kamba pale inapoingia kwenye ukanda, ivute hadi ikaze kuelekea bustani, kisha nyoosha mkono mbele. Vidole vikigusa jani, hamisha kigingi. Hata visipogusa, baki na angalau hatua moja tupu mbele ya vidole. Jambo hili halichukui dakika mbili, na bado watu wanaliruka kila siku na kuishia kulipa kabichi ambazo hawakuzila.

Kwenye miteremko, kama kule Mgeta katika milima ya Uluguru, ambako mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norwei waliletwa miaka ya 1980 na mboga zinalimwa ngazi kwa ngazi, usipime usawa wa chini peke yake. Mbuzi husimama kwa miguu ya nyuma, akaegemea ukingo, na bustani ya ngazi ya juu ikawa mdomoni. Upande wa chini ni hatari zaidi: kamba ikifika ukingoni, mbuzi anaruka kufuata majani, kamba inamshika hewani na ananyongwa. Mduara wake wote, pamoja na ile nyongeza ya mita 1.5, uishe kabla ya ukingo. Ngazi ikiwa nyembamba kuliko hapo, usimfunge hapo kabisa. Mkatie majani umpelekee bandani.

Sasa kigingi. Mti mkavu uliochongwa haraka haraka na kupigwa nusu hautoshi. Tumia nondo ya milimita 12, urefu sentimita 75, iliyokunjwa pete juu. Ipigilie wima hadi pete iguse ardhi. Nondo ikibaki nje kiasi cha shubiri moja, mambo mawili yanatokea: kamba inajizungusha na kufupika mpaka mbuzi anabaki na njaa shingo imebanwa, na kila anapovuta anaitikisa nondo kama mtu anayeng'oa muhogo. Kwenye kichanga, au baada ya mvua, chukua nondo ya mita 1. Katikati ya pete na kamba weka kile kipande cha chuma kinachozunguka, kama cha mnyororo wa mbwa. Shingoni usiweke kitanzi kinachokaza. Weka ukanda wenye upana wa sentimita 3, vidole viwili vipite chini yake.

Njaa ndiyo inayong'oa vigingi. Kamba ya mita 3 inampa mbuzi eneo la mita za mraba 38 hivi, na wakati wa kiangazi mara nyingi hapo hapana cha kula cha kutwa. Mbuzi wa kilo 30 anahitaji kilo 4 hadi 5 za majani mabichi kwa siku. Mpe sehemu bandani asubuhi, mtoe saa 3 umande ukishakauka, mhamishe saa 6, mrudishe kabla ya giza. Maji lita 3 hadi 5, anayenyonyesha zaidi. Ukiona nyasi zimeliwa mduara na upande wa jirani umebaki mstari wa nyasi ambao haujaguswa, umepatia.

Vitoto je? "Haviendi mbali na mama yao." Hapana! Kuanzia wiki ya pili au ya tatu vinaonja majani, na tundu la ua linalopitisha kichwa cha kitoto linakipitisha chote. Vibaki bandani mama akiwa malishoni.

Akishaingia kwa jirani, usimtoe kimya kimya ukanyamaza. Hapo ndipo wengi wanapopoteza mbuzi juu ya hasara ya mboga. Bustani ya nyanya au kabichi huenda imepigwa dawa jana. Muulize jirani alipiga nini na lini, chukua chupa au pakiti uione. Mbuzi akitoa udenda mwingi, akitetemeka au akihema kwa shida, mwite daktari wa mifugo mara moja umsomee jina hilo. Maziwa yasinywewe wala kuuzwa mpaka aseme. Ubavu wa kushoto ukivimba baada ya kula maharage mabichi, msimamishe miguu ya mbele ikiwa juu, mnyweshe mililita 100 za mafuta ya kula polepole kwa pembeni ya mdomo, bila kumwinua kichwa sana, mafuta yasije yakaingia mapafuni. Asipopata nafuu upesi, daktari. Na jirani asimkate panga wala kumtegea sumu. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008 inakataza ukatili huo.

Hasara ihesabiwe siku hiyohiyo, nyote wawili mkiwepo pamoja na mwenyekiti wa kitongoji au afisa ugani, kabla mtu hajapalilia. Hesabuni shina kwa shina, si kwa kukadiria "nusu bustani". Kabichi iliyoliwa moyo haifungi tena, ihesabiwe nzima. Maharage yaliyokatwa chini ya yale majani mawili manene ya mbegu hayachipui. Mahindi ambayo hayajafikisha majani 6 kwa kawaida yanarudi, kwa sababu kichipukizi bado kiko chini ya udongo. Yasubirini siku 7 kabla ya kuyatoza. Sukuma wiki iliyobakiwa na ncha ya shina, toza mchumo uliopotea tu. Miche ya kufidia ipelekwe ndani ya wiki hiyo, yenye umri uleule wa ile iliyoliwa, na mwenye mbuzi aipande mwenyewe na kuimwagilia siku tatu za kwanza.