Somo: Emuleta za gemu za zamani, namna ya kuchagua na kuitibu ikigoma

Wakuu, habari za jioni. Umeme hapa Mwanga leo umetulia, nimeona nilimalize somo nililoahidi.

Kila wiki naletewa simu au laptop zenye malalamiko yaleyale: "Kaka, emuleta hii kimeo, nitafutie nyingine." Nikifungua nakuta emuleta nne za mashine moja zimejazana humo ndani, na zote zimegomea gemu ileile. Emuleta nne haziwezi kukosea kwa pamoja. Mara nyingi ugonjwa uko kwenye faili la gemu au kwenye BIOS (programu ya ndani ya mashine, nitaieleza hatua ya 4), na hakuna aliyekagua huko. Kwa hiyo nitafuata mpangilio ninaoutumia mezani kwangu: mashine kwanza, kifaa chako pili, halafu programu, halafu faili. Setingi zinakuja mwishoni, ingawa wengi ndiko wanakoanzia.

Kwa mgeni wa mambo haya: emuleta ni programu inayoigiza mashine ya gemu. Gemu iliandikwa kwa lugha ya prosesa ya mashine ile, na emuleta inaigeuza papo hapo iwe lugha ya prosesa ya simu yako. Kugeuza huko ndiko kunakokula nguvu. Prosesa ya PlayStation ya kwanza ilikuwa na kasi ya MHz 33.8 tu, lakini usitegemee simu ya MHz 33.8 iweze kuiigiza. Inahitajika nguvu mara nyingi zaidi ya hiyo.

Hatua ya 1: Ijue mashine unayoitafuta

Huku kwetu neno "Sega" lilibeba kila kitu kilichochomekwa kwenye TV ya chogo. Nyingi ya zile mashine za kaseti tulizokuwa tukipanga foleni kuzicheza zilikuwa nakala za Famicom ya Nintendo, iliyotoka Japani mwaka 1983. Ukiitafuta gemu hiyo kwenye emuleta ya Sega utahangaika mpaka bando liishe. Kumbuka kwanza: ilikuwa ya kaseti au ya CD? Pedi ilikuwa na vitufe vingapi? Vitufe viwili vikubwa, A na B, ni familia ya Famicom au NES. Vitatu, A, B na C, ni Sega Mega Drive ya mwaka 1988. Pembetatu, duara, msalaba na mraba, hapo uko PlayStation: ya kwanza ilitoka Desemba 1994, PS2 Machi 2000, na PSP ya mkononi Desemba 2004.

Hatua ya 2: Pima kifaa chako bila kujidanganya

Simu ya RAM ya GB 2 inabeba NES, Super Nintendo, Mega Drive na Game Boy Advance bila jasho. PS1 inabeba pia. PSP inategemea gemu: za mpira nyingi zinakwenda, zile zenye dunia kubwa na magari mengi zinachechemea. PS2 isahau kwenye simu ya namna hiyo. Kwenye kompyuta, PCSX2 kuanzia toleo la 2.0 la mwaka 2024 inataka Windows ya biti 64 na prosesa yenye SSE4.1 (amri za ziada ambazo prosesa za zamani hazina), hivyo laptop nyingi za mtumba zilizochoka zinakwama mlangoni.

Hatua ya 3: Chagua programu

Kwa NES kwenye kompyuta mimi natumia Mesen. Super Nintendo, Snes9x. Game Boy Advance, mGBA. PS1, DuckStation. PSP, PPSSPP. PS2, PCSX2.

RetroArch ni kitu cha aina yake: ni kama nyumba ya kupanga, kila chumba kina emuleta yake ndogo ndani. Ukitaka Mega Drive unaingiza Genesis Plus GX, ukitaka NES unaingiza FCEUmm. Naipenda sana, lakini simshauri anayeanza leo. Menyu zake ni msitu, na gemu ikigoma hujui kama amegoma mwenye nyumba au mpangaji. Anza na programu ya mashine moja, uizoee, RetroArch ije baadaye.

Na jamani, chukueni programu kwenye tovuti ya watengenezaji wenyewe au kwenye duka la programu la simu. PPSSPP ilianzishwa na Henrik Rydgård mwaka 2012 na ni ya bure. Ile ya dhahabu (Gold) ni ya kulipia ili kumuunga mkono, ila kazi zake ni zilezile. Hakuna sababu ya kupokea faili la kusakinisha kutoka kwenye kundi la WhatsApp. Nimeshaletewa simu iliyokuwa inafungua matangazo yenyewe usiku kucha, na chanzo kilikuwa emuleta ya kutumiwa namna hiyo.

Hatua ya 4: Kagua faili (hapa kaeni chini)

Kijana mmoja wa Gungu alinijia na gemu ya PS1 iliyokuwa ikicheza vizuri wiki nzima, ghafla ikakataa kufunguka. Ameshafuta emuleta mara tatu na kuirudisha. Nikamuuliza, umegusa nini? Hakuna, kaka. Nikafungua folda. Kulikuwa na mafaili mawili: moja kubwa linaloishia na .bin, na jingine dogo kabisa linaloishia na .cue. Lile dogo ni maandishi matupu, unalifungua kwa programu ya kawaida ya maandishi. Mstari wa kwanza ulikuwa hivi:

FILE "mpira_disc1.bin" BINARY

Lakini faili kubwa kwenye folda lilikuwa linaitwa "mpira.bin". Alikuwa amefupisha jina ili lipendeze. Faili la .cue ndilo linaloieleza emuleta data iko wapi na nyimbo ziko wapi, na lilikuwa linaelekeza kwenye faili ambalo halipo tena. Tukafuta herufi sita ndani ya alama za kunukuu, tukahifadhi, gemu ikafunguka. Siku tatu za kuhangaika, herufi sita.

Kwa hiyo, CD ya PS1 ifungue kwa kupitia .cue, usichague .bin. Ukitaka kupumzika na mafaili mawili, yageuze yawe CHD kwa programu iitwayo chdman. Unapata faili moja, dogo zaidi, na hakuna kinachopotea ndani. DuckStation na PCSX2 zote zinalisoma.

BIOS ni programu ya ndani ya mashine yenyewe, ile inayowaka kabla ya gemu. DuckStation na PCSX2 zinaihitaji, PPSSPP haiihitaji kabisa. BIOS ya PS1 ina KB 512 kamili, yaani baiti 524,288. Yako ikiwa pungufu ya hapo, haijakamilika au bado iko ndani ya zipu.

Kuhusu kupata gemu zenyewe: nyingi bado zina hakimiliki, na somo hili halitoi viungo vya kupakua. CD zako za zamani zitoe kabatini, zifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe, kisha zisome kwa ImgBurn kwenye kompyuta yenye kisoma CD. CD inatoka kama .bin na .cue, DVD za PS2 zinatoka kama .iso. Fanyeni mapema, maana CD zilizokwaruzika hazingoji. Tena wapo watu wanaotengeneza gemu mpya za mashine za zamani na kuzitoa bure, kama Tobu Tobu Girl ya Game Boy. Hiyo ni nzuri kwa kujaribia: ikicheza sawa na yako ikagoma, unajua mgonjwa ni nani.

Hatua ya 5: Setingi, moja baada ya moja

Badilisha kitu kimoja, cheza dakika mbili, ndipo uguse kingine. Ukibadilisha vitano kwa mpigo hutajua kilichoponya wala kilichoua. Anza na ukubwa wa picha, urudishe kwenye kipimo halisi cha mashine (1x). Kisha jaribu kuhama kati ya Vulkan na OpenGL, njia mbili za kuchora picha. Baada ya hapo ndipo uruhusu kuruka fremu, yaani baadhi ya picha zisichorwe.

Usishtuke ukiona kasi inasoma 50. Gemu zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya zilienda fremu 50 kwa sekunde, za Marekani na Japani 60. Nyingi za Ulaya hazikurekebishwa, zikawa taratibu kuliko wenzake. Ndivyo toleo lilivyo.

Hatua ya 6: Hifadhi mara mbili

Kuna kuhifadhi kwa emuleta, unaganda palepale ulipo, na kuna kuhifadhi kwa gemu yenyewe kwenye memori kadi. Mpwa wangu alicheza msimu mzima wa ligi kwa njia ya kwanza tu. Programu ikajisasisha, toleo jipya likakataa kusoma mgando wa zamani, msimu ukaenda. Alilia, nami nilijilaumu kwa kutomwambia. Memori kadi ya PS1 ni faili la KB 128 tu, linakaa popote. Hifadhi humo kila unapomaliza kucheza.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali, Ujiji: Mkuu, PPSSPP yangu sauti inakwaruza sana, nimebadilisha hadi spika za masikioni.

Jibu: Spika hazina kosa, mkuu. Picha ikichelewa, sauti inakosa cha kucheza, ndiyo huo mkwaruzo. Washa kipima kasi uone: kikiwa chini ya asilimia 100 fuata hatua ya 5. Na unacheza saa ngapi? Simu ikipata joto inapunguza kasi yenyewe. Vua kava, usicheze ikiwa kwenye chaji, na mchana wa jua kali kaa kivulini.

Swali, Kasulu: Nimenunua pedi ya USB ya bei poa. Vitufe vinne vinafanya kazi, ile mishale haifanyi.

Jibu: Katikati ya pedi kuna kitufe kimeandikwa ANALOG, chenye kitaa chekundu. Kibonyeze mara moja. Kwenye pedi nyingi za aina hiyo, kitaa kikizimika mishale inajitambulisha kama fimbo ya kushoto, na kikiwaka inajitambulisha kama mishale. Chagua hali moja, kisha ingia setingi umfundishe emuleta vitufe upya. Ukikibonyeza tena baadaye bila kukusudia, tatizo litarudi.

Swali, Mwandiga: Nina simu ya RAM GB 3, kuna programu dukani inasema inacheza PS2 zote. Nipakue?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. AetherSX2 ndiyo iliyokuwa ya kuaminika kwenye Android, na mtengenezaji wake alisimamisha kazi mwaka 2023. Nyingi zilizobaki zenye ahadi kubwa ni matangazo matupu, na kwa simu yako hata iliyo nzuri isingekwenda. Bando hilo liweke kwenye PSP, gemu nyingi zilizotoka PS2 zilikuwa na toleo lake huko.

Swali, Kibirizi: Nimeunganisha laptop kwenye TV bapa, nikibonyeza mchezaji anapiga mpira baadaye. Kwenye skrini ya laptop hakuna shida.

Jibu: Basi umeshampata mkosaji, ni TV. Inasafisha picha kabla ya kuionyesha. Tafuta kwenye menyu yake hali ya gemu, uiwashe.

Swali, Uvinza: Shikamoo kaka. Nimepata simu mpya, nataka kuhamisha gemu za PSP bila kupoteza nilipofika.

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Kwenye simu ya zamani tafuta folda iitwayo PSP, ndani yake kuna SAVEDATA. Hiyo ndiyo roho ya kazi yako. Inakili kwenye simu mpya, ndani ya folda ya PSP ileile. PPSSPP_STATE ni migando, inakili pia lakini usiitegemee. Simu ya zamani usiifute mpaka ufungue gemu kwenye mpya na uione hatua uliyofikia kwa macho yako.

Swali, Mwanga: Mwalimu, DuckStation inanipa skrini nyeusi. Faili la .cue liko sawa, nimelikagua kama ulivyoelekeza.

Jibu: Vizuri sana dada, umeokoa nusu ya safari. Sasa niambie BIOS yako ina baiti ngapi, na kama gemu hiyohiyo inagoma kwenye kompyuta pia. Ukiniletea hayo mawili tutaendelea.