Maji ya tumboni yakifika maabara: jinsi ya kuyapima hadi chanzo kijulikane

Wiki iliyopita kijana niliyemfundisha kazi alinipigia simu saa mbili usiku. "Shikamoo mwalimu. Nina maji ya tumboni ya mama mmoja hapa, fomu imeandikwa tu 'chunguza maji'. Nianzie wapi?" Tulizungumza karibu saa nzima. Naandika yale niliyomwambia kwa ajili ya wenzangu wa maabara za wilaya, na kwa matabibu wanaotuletea sampuli bila kusema wanatafuta nini.

Nafanya kazi upande wa Ziwa Victoria. Huku tumbo likijaa maji, tunaowashuku kwanza ni hawa: ini lililosinyaa kwa homa ya ini B au pombe, kichocho cha tumbo, TB, moyo na saratani. Maji yenyewe hutenganisha wengi wao, ila yapimwe kwa mpangilio.

Hatua ya 1: Vyombo viwe tayari kabla ya sindano

Tyubu ya kifuniko cha zambarau (EDTA) ni ya kuhesabu chembe. Maji yakiwekwa kwenye tyubu tupu yanaweza kuganda, chembe zikanaswa ndani ya bonge, nawe ukatoa hesabu ya uongo. Tyubu ya kawaida ni ya kemia. Chombo kikubwa kisafi, mililita 50 au zaidi, ni cha kutafuta seli za saratani. Damu ya mshipa ichukuliwe wakati huohuo. Sababu utaiona hatua ya 4.

Kuhusu kuotesha vimelea sina mjadala: chupa mbili za kuoteshea damu, mililita 10 kila moja, zijazwe pale pale kitandani. Bakteria kwenye maji haya huwa wachache mno. Ukipeleka maji maabara na kuyapaka kwenye sahani, utawapata kwa karibu nusu ya wagonjwa wenye maambukizi. Ukitumia chupa kitandani, unafika karibu asilimia 80.

Hatua ya 2: Yatazame

Manjano iliyopauka, yenye ukungu, ya damu au meupe kama maziwa: andika unachokiona. Yakiwa kama maziwa, pima trigliseridi (mafuta). Ikizidi 200 mg/dL, ni limfu iliyovuja.

Hatua ya 3: Hesabu chembe nyeupe, leo hii, kwa mkono

Mashine ya damu isiyo na mfumo maalumu wa majimaji ya mwili siiamini kwa kazi hii. Huhesabu takataka kama chembe, na seli za ukuta wa tumbo huziita majina yasiyo yake. Chukua chemba ya Neubauer, kioo chenye miraba ya kuhesabia chembe. Changanya maji na dawa ya Turk (huvunja chembe nyekundu, huzitia rangi nyeupe) kwa kiasi sawa, hesabu miraba minne mikubwa ya pembeni, zidisha kwa 5. Ukipata chembe 96, hiyo ni 480 kwa milimita moja ya ujazo. Kisha paka slaidi, itie rangi, utenganishe aina. Nyutrofili, chembe nyeupe zinazopambana na bakteria, zikiwa asilimia 70, unazo 336.

Kikomo ni 250. Nyutrofili zikifika hapo, mgonjwa ana maambukizi ndani ya tumbo mpaka ithibitike vinginevyo. Inua simu umwambie daktari, usingoje chupa ziote, maana dawa inatakiwa kuanza sasa. Kama maji yana damu, ondoa nyutrofili 1 kwa kila chembe nyekundu 250 kabla hujaamua. Limfosaiti (aina nyingine ya chembe nyeupe) zikitawala, fikiria TB au saratani.

Hatua ya 4: Albumini mbili

Hapa ndipo wengi tunapotea. Pima albumini (protini kuu ya damu) ya seramu, yaani majimaji ya damu iliyoganda, pima albumini ya maji ya tumboni, toa ya pili kwenye ya kwanza. Wodini tofauti hiyo huitwa SAAG. Ikiwa 1.1 g/dL au zaidi, maji yametokana na shinikizo kubwa kwenye mshipa wa porta, ule unaopeleka damu kwenye ini: ini lenyewe, kichocho au moyo. Ikiwa chini ya 1.1, tafuta kwingine: TB, saratani, figo, kongosho. Kipimo hiki hupatia kwa takriban asilimia 97, na kinachohitajika ni kitendanishi kimoja tu na hesabu ya kutoa.

Miaka kadhaa iliyopita tuliishiwa kitendanishi cha albumini. Seramu ya kijana mmoja mvuvi ikapelekwa hospitali nyingine, jibu likarudi: 26. Maji tuliyapima wenyewe kitendanishi kilipofika: 2.1. Nikatoa, nikaandika 23.9, na daktari akasoma shinikizo la porta. Kwa siku tisa ini lilitafutiwa ugonjwa. Homa ya ini B haikuonekana, kichocho hakikuonekana, ultrasaundi ilionyesha ini laini. Siku ya kumi niliziweka karatasi zote mbili mezani na alasiri nzima ikaishia hapo. Nilirudia kudhibiti ubora wa mashine, nikarudia sampuli, nikafungua chupa mpya ya kitendanishi. Kosa lilikuwa kwenye herufi ndogo pembeni ya namba: wenzetu hutoa majibu kwa gramu kwa lita, sisi kwa gramu kwa desilita. Hesabu sahihi ilikuwa 2.6 kutoa 2.1, yaani 0.5. Kijana alikuwa na TB ya tumbo.

Ubaya ni kwamba 23.9 haimshtui mtu. Aliyezoea gramu kwa lita, ambako kikomo ni 11, ataiona ni namba ya kawaida ya mgonjwa wa ini. Kwa hiyo kwangu sasa hakuna namba inayoandikwa bila kipimio chake, na sitoi kabla ya kuona vipimio viwili vinavyofanana.

Yapo na mengine. Seramu na maji vichukuliwe siku moja, ikiwezekana ndani ya saa moja, kwa sababu albumini ya seramu hubadilika, hasa mgonjwa akiongezewa maji ya dripu. Vipimwe kwenye mashine moja, maana rangi za vitendanishi hazisomi albumini sawasawa. Maji ya mgonjwa wa ini yanaweza kuwa na albumini ndogo kuliko kiwango cha chini ambacho mashine yako inakisoma kwa uhakika. Soma karatasi ya kitendanishi ukijue. Na seramu yenyewe ikiwa chini ya 1.1, tofauti haiwezi kufika kikomo hata ini likiwa limekwisha. Mwandikie daktari hivyo.

Hatua ya 5: Protini jumla

SAAG kubwa na protini chini ya 2.5 g/dL huelekea ini lililosinyaa. Ikishuka chini ya 1.5, mgonjwa huyo yuko karibu zaidi na maambukizi ya hatua ya 3. SAAG kubwa na protini 2.5 au zaidi huelekea moyo. Usisahau ule ugonjwa wa kovu ndani ya moyo ulioelezwa Uganda mwaka 1948, ambao tumbo huvimba kupita kiasi huku miguu ikiwa karibu kawaida. SAAG ndogo na protini kubwa ni TB au saratani. Zote mbili ndogo, chovya kijiti kwenye mkojo utazame protini ya figo.

Maneno "transudati" (maji ya protini kidogo) na "eksudati" (ya protini nyingi) nisingependa kuyaona tena kwenye fomu. Maji ya moyo yana protini nyingi, na ya ini hupanda mgonjwa akinywa dawa za kukojoa. Maneno hayo yamewapotosha wengi.

Hatua ya 6: Fuata mshukiwa wako

TB: omba ADA, kimeng'enya kinachopanda kwenye maji ya TB; ikizidi takriban 39 U/L, shaka ni kubwa. Kutafuta vimelea kwa hadubini kwenye maji haya karibu kila mara hutoka bila kitu. GeneXpert, kipimo cha vinasaba vya TB, ikiwa chanya iamini, ikiwa hasi usimwondolee mtu TB kwa jibu hilo.

Saratani: peleka maji mapya, na rudia hadi mara tatu. Seli huonekana pale tu saratani inapokuwa imepandwa kwenye utando wa tumbo. Uvimbe uliojificha ndani ya ini hautaziachia.

Kichocho: Kato-Katz, yaani kuhesabu mayai kwenye choo: choo miligramu 41.7, mayai zidisha kwa 24 upate idadi kwa gramu, siku zaidi ya moja. Kovu la zamani huwa na mayai machache au hakuna kabisa, hivyo ultrasaundi ndiyo itakayosema.

Nyutrofili nyingi pamoja na glukosi chini ya 50 mg/dL, protini juu ya 1 g/dL, au LDH (kimeng'enya cha seli) iliyozidi kikomo cha juu cha seramu: yakitimia mawili kati ya hayo matatu, utumbo huenda umetoboka. Mpigie daktari wa upasuaji.

Bakiza tyubu moja ya maji kwenye friji. Mama yule wa simu alikuwa na chembe 140, karibu zote limfosaiti, albumini 2.9 g/dL kwenye seramu na 2.3 kwenye maji (tofauti 0.6), protini 5.1. Kijana alikuwa amebakiza tyubu, kwa hiyo ADA ilitumwa asubuhi bila kumchoma mama mara ya pili.