Namna ya Kukadiria Vifo vya Miaka Ijayo na Gharama ya Maisha Marefu

Anayepanga pensheni hana budi kujua mambo mawili: leo wanakufa wangapi katika kila umri, na viwango hivyo vitashuka kwa kasi gani. La kwanza ni hesabu ya kawaida. La pili ndilo linaloweza kufilisi mfuko.

Anza kwa kugawanya vifo vya kila umri kwa idadi ya watu wa umri huo katikati ya mwaka. Takwimu za wazee sana huyumba, kwa kuwa waliobaki ni wachache na umri wa baadhi yao umeandikwa kwa kukisia. Hapo tumia kanuni ya Gompertz ya mwaka 1825, inayosema kwamba kiwango cha vifo vya watu wazima hupanda kwa uwiano uleule kwa kila mwaka wa umri unaoongezeka. Kiwango kikiongezeka maradufu kila baada ya miaka 8, kile cha 0.01 katika umri wa miaka 60 kitafika 0.08 katika umri wa miaka 84. Kanuni hii haifai kabisa kwa watoto wachanga.

Kisha, ili kutabiri viwango vya miaka ijayo, tumia modeli ya Lee na Carter ya mwaka 1992. Logi asilia ya kiwango cha vifo huchukuliwa kuwa wastani wa logi hizo kwa umri husika, ukijumlishwa na faharisi ya mwaka (namba moja inayoonyesha hali ya vifo kwa jumla mwaka huo) iliyozidishwa kwa namba inayoonyesha umri huo unavyoathiriwa na mabadiliko. Kinachotabiriwa ni faharisi peke yake.

Hapa ndipo pa kutulia. Kwa kawaida, mwelekeo wa faharisi hupatikana kwa kutoa ya mwaka wa kwanza kutoka kwa ya mwaka wa mwisho, kisha kugawanya kwa miaka iliyopita kati yake. Ikishuka kutoka 20 hadi -20 katika miaka 40, mwelekeo ni -1 kwa mwaka. Mlipuko wa ugonjwa ukiufanya mwaka wa mwisho usome -12, mwelekeo unakuwa -0.8, na utabiri wa miaka 25 mbele unakuwa -32 badala ya -45, ingawa miaka yote ya katikati haikubadilika. Kwa hiyo usianzie 1918, mwaka wa homa kuu ya mafua, wala usiishie 2020 bila kutafakari. Binafsi ningejaribu vipindi kadhaa, na majibu yakitofautiana sana ningetoa majibu yote, kuanzia la chini hadi la juu, si wastani wake.

Unapokadiria maisha ya mtu wa miaka 65, usitumie viwango vya mwaka huu kwa umri wote: akifika 85 atakabiliwa na vifo vya miaka 20 ijayo. Zidisha kila malipo kwa uwezekano wa kuwa hai, kisha yarudishe kwenye thamani ya sasa kwa riba. Riba ikiwa ndogo, malipo ya mbali huwa mazito, na kosa la vifo hugharimu zaidi.

Wingi wa wanachama hupunguza bahati nasibu ya mtu mmoja mmoja, lakini mwelekeo uliokosewa huwagusa wote kwa pamoja, kwa hiyo kuandikisha wengine hakuuponyi. Iga kwa kompyuta maelfu ya njia ambazo faharisi inaweza kufuata, kisha weka akiba inayotosha katika njia 95 kati ya kila 100.

Kwa mfumo ambao michango ya leo hulipa wastaafu wa leo, gawanya uwiano wa pensheni kwa mshahara kwa idadi ya wafanyakazi waliopo kwa kila mstaafu. Pensheni ikiwa nusu ya mshahara, wafanyakazi 4 huchangia asilimia 12.5 kila mmoja, wakibaki 2.5, huchangia asilimia 20. Pungufu hilo mara nyingi hutokana zaidi na uzazi kushuka kuliko wazee kuishi zaidi, hivyo uzazi ukadiriwe peke yake.